Kopo la soya lina protini nyingi kuliko la maziwa ya ng'ombe. Nimhamishe mwanangu?

Shikamoo daktari,

Mwanangu ana miezi mitano na uzito wa kilo 7. Ananyonya asubuhi na usiku. Mchana niko kazini, kwa hiyo anapewa maziwa ya kopo ya kawaida, yanayotokana na maziwa ya ng'ombe. Wiki mbili zilizopita aliharisha kwa siku nne. Kuhara kumekwisha na anacheza vizuri, ila tumbo linajaa gesi na jioni analia sana. Shangazi yake anasema maziwa ya ng'ombe yanamkataa, na amekwisha kutuletea kopo la unga wa maziwa ya soya ya watoto wachanga.

Nimesoma lebo, na maswali yameongezeka. Kwa gramu 100 za unga wameandika kalori 503, protini gramu 13, mafuta gramu 27 na wanga gramu 52. Kopo tulilozoea lina kalori 510 na protini gramu 10 tu. Je, hilo la soya ni bora kwa sababu lina protini zaidi? Na kama ni protini inayotafutwa, unga wa soya tunaonunua kwa kilo una zaidi ya gramu 35. Kwa nini nisimchemshie huo? Kuna pia majina yanayonitia hofu: L-methionini, karnitini, taurini, shira kavu ya glukosi. Laktosi haimo kabisa. Jirani ananiambia soya ina homoni za kike, na mwanangu ni wa kiume. Shangazi naye anasisitiza kwamba soya ni nzito, nipunguze kijiko kimoja katika kila chupa.

Sijalifungua bado. Naomba unieleze nifanye nini.

Mama Baraka

*

Marahaba, Mama Baraka.

Umefanya vizuri kutolifungua. Kwa uliyoyaeleza, Baraka hana sababu ya kuhamia soya. Gesi na kilio cha jioni ni mambo ya kawaida katika umri huu na hayathibitishi kwamba maziwa yanamkataa. Hilo kopo si baya. Mtoto aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia, na mwenye sababu ya kulitumia, hukua nalo vizuri. Lakini limetengenezwa kwa ajili ya watoto wachache, na namba ulizoziona kwenye lebo zinaeleza kwa nini.

Acha kwanza safu ya gramu 100 za unga. Mtoto hanywi unga, hunywa mpaka atosheke, na shibe yake inafuata nguvu iliyomo. Kwa hiyo linganisha makopo kwa kila kalori 100. Kwenye kopo la soya gawanya 13 kwa 503, zidisha kwa 100: unapata protini gramu 2.6. Kopo la zamani ni 10 kwa 510, yaani karibu gramu 2. Sasa angalia kanuni ya kimataifa ya Codex kuhusu maziwa ya watoto wachanga, namba 72 ya mwaka 1981: inataka angalau gramu 1.8 za protini kwa kalori 100 ikiwa protini ni ya maziwa ya ng'ombe, na angalau gramu 2.25 ikiwa ni ya soya. Kikomo cha juu ni gramu 3 kwa yote mawili. Kumbe kima cha chini cha soya kimewekwa kikubwa zaidi kwa makusudi, na sababu yake ni udhaifu wa protini hiyo. Protini ya soya ina methionini kidogo kuliko mtoto anavyohitaji, na methionini ni mojawapo ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Ikipungua hiyo moja, zile nyingine hazitumiki kikamilifu kujenga misuli na ubongo, hata zikiwa tele. Watengenezaji hufanya mawili: huongeza kiasi cha protini, kisha huongeza methionini yenyewe. Ndiyo hiyo L-methionini iliyokutisha. Ungepaswa kuogopa kama isingekuwepo.

Karnitini ni hadithi hiyohiyo. Imo kwenye maziwa na nyama; kwenye mimea ni kama haipo. Kazi yake ni kuyaingiza mafuta mahali yanapochomwa ndani ya chembe hai za mwili ili yatoe nguvu, na karibu nusu ya nguvu yote ya kopo lako inatokana na mafuta. Codex inataka angalau miligramu 1.2 kwa kalori 100. Taurini nayo huongezwa kwa sababu imo kwenye maziwa ya mama na haimo kwenye soya.

Mafuta ya kopo lako ni gramu 5.4 kwa kalori 100, ndani ya mpaka wa 4.4 hadi 6. Hayatoki kwenye protini ya soya iliyosafishwa, kwa sababu wakati wa kuisafisha mafuta yake huondolewa. Kinachoongezwa ni mchanganyiko wa mafuta ya mimea kama mawese, nazi, alizeti na soya. Hapo sina neno.

Wanga unahitaji maelezo zaidi. Gramu 52 kwa kalori 503 ni kama 10.3 kwa kalori 100, na kanuni inaruhusu 9 hadi 14. Maziwa ya mama yana laktosi, yaani sukari ya maziwa, takriban gramu 7 kwa mililita 100, na makopo ya ng'ombe huigiza hivyo. La soya halina laktosi, kwa hiyo nafasi yake inajazwa na shira kavu ya glukosi au maltodekstrini, ambazo ni wanga, mara nyingi wa mahindi, uliokatwakatwa vipande vidogo. Tumbo la mtoto linaumeng'enya bila taabu. Tatizo lake ni meno: sukari za aina hii huozesha meno haraka kuliko laktosi, na mtoto anayelala na chupa ya soya mdomoni anaanza kuharibikiwa na meno yake ya mbele mapema. Baadhi ya makopo huongezewa na sukari ya kawaida ya mezani. Codex inasema iepukwe isipokuwa pale inapohitajika. Mzazi mwenye sababu ya kutumia soya achague kopo lisilo nayo.

Sasa njoo kwenye madini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudanganyika na lebo. Soya ina fitati, kitu ambacho mmea hukitumia kuhifadhi fosforasi ndani ya mbegu. Hata baada ya kusafishwa, protini ya soya hubaki na fitati kiasi cha asilimia 1 hadi 2. Ndani ya utumbo wa mtoto, fitati hung'ang'ania zinki, chuma na kalsiamu, yakatoka na choo. Karibu theluthi moja ya fosforasi yenyewe imefungwa humo na haitumiki. Ndiyo maana makopo ya soya huwekwa kalsiamu na fosforasi zaidi kwa takriban asilimia 20 kuliko ya ng'ombe. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016 inaonyesha wazi: chuma ni miligramu 0.3 hadi 1.3 kwa kalori 100 katika maziwa ya ng'ombe, lakini 0.45 hadi 2 katika soya. Zinki ni 0.5 hadi 1 upande mmoja, na 0.75 hadi 1.25 upande wa soya. Mama anayelinganisha makopo dukani ataona namba kubwa na kudhani soya ina lishe zaidi. Namba ni kubwa ili kufidia kinachopotea njiani.

Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote: soya katika kopo hilo inaleta protini, na karibu kila kitu kingine kimeongezwa na binadamu kwa mizani. Kikisahaulika kimoja, mtoto hana pengine pa kukipata. Katika miaka ya 1950 watoto waliolishwa maziwa ya unga wa soya walipata goita, kwa sababu soya huingilia kazi ya tezi ya shingoni na madini joto hayakuwa yameongezwa. Mwaka 1979 nchini Marekani, watoto walioshindwa kukua walikutwa wamelishwa maziwa ya soya yenye kloridi pungufu, baada ya chumvi kuondolewa kwenye mchanganyiko. Kisa hicho kilizaa sheria ya maziwa ya watoto wachanga ya mwaka 1980. Na mwaka 2003 nchini Israel, aina moja ya maziwa ya soya ilitoka ikiwa na vitamini B1 kidogo mno ingawa lebo iliitaja. Watoto kadhaa walipoteza maisha na wengine wakabaki na ulemavu wa kudumu. Hao walikuwa watengenezaji wenye maabara.

Kwa hiyo usimchemshie unga wa kununua kwa kilo, Mama Baraka, hata kwa siku ya dharura. Una protini nyingi, ni kweli, lakini hauna methionini ya kutosha, hauna B12, hauna vitamini D wala vitamini C ya maana, kalsiamu yake ni ndogo na fitati imejaa. Usipoiva sawasawa unabaki na vizuizi vya tripsini, vitu vinavyozuia kimeng'enya kinachosaga protini, na mtoto anaharisha. Maziwa ya soya ya kunywa ya pakiti pia si mbadala: mengi yana kalori kama 40 tu kwa mililita 100, wakati mtoto anahitaji 60 hadi 70. Watoto waliolelewa kwa vinywaji vya namna hiyo wamewahi kuletwa hospitali na matege na utapiamlo. Unga wa soya una nafasi yake baadaye, kwenye uji, baada ya miezi sita, ukiwa umeiva vizuri na ukiwa chakula kimoja kati ya vingi.

Kuhusu homoni. Soya ina isoflavoni, viini vya mmea vyenye umbo linalokaribiana na homoni ya estrojeni na nguvu ndogo sana kuliko yake. Havipotei kiwandani: vipimo vilivyochapishwa mwaka 1997 kutoka kwenye makopo ya Marekani vilikuta miligramu 32 hadi 47 kwa lita, kiasi ambacho kwa mtoto wa miezi minne ni miligramu 4.5 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mwili mdogo hicho ni kiasi kikubwa, na ndiyo sababu jambo hili limechunguzwa kwa makini. Mwaka 2010 Mpango wa Taifa wa Sumu wa Marekani uliweka wasiwasi kuhusu ukuaji wa watoto hao kwenye daraja la pili kutoka chini kati ya madaraja matano. Kwa hiyo usimtishe mama ambaye mtoto wake analazimika kuitumia, awe wa kiume au wa kike. Lakini wewe hulazimiki, na mimi simpi mtoto kitu chenye alama ya kuuliza kama hana faida anayoipata.

Nani basi analazimika? Kwanza ni mtoto mwenye galaktosemia, ugonjwa wa kurithi ambao sukari ya maziwa humdhuru ini na ubongo. Huyo hata maziwa ya mama hapewi, na soya ni uokoaji wake. Pili ni mtoto aliyezaliwa bila kimeng'enya cha laktosi, jambo adimu sana. Tatu ni familia isiyotumia chochote cha mnyama, pale mama asipoweza kunyonyesha. Mzio wa maziwa ya ng'ombe unaonekana kama sababu dhahiri, lakini sivyo: katika watoto wenye mzio wa aina ya haraka, kama 10 hadi 14 kati ya 100 huikataa soya pia, na katika aina ya polepole inayoathiri utumbo idadi ni kubwa zaidi. Jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa tumbo na lishe ya watoto ilishauri mwaka 2006 kwamba mwenye mzio asipewe soya kabla ya miezi sita. Apewe maziwa ambayo protini yake imevunjwavunjwa.

Wapo pia wasiopaswa kuipata kabisa. Mtoto njiti, hasa aliyezaliwa na chini ya gramu 1,800, mifupa yake haijai madini vizuri kwa soya. Tena soya hubeba alumini, mikrogramu 600 hadi 1,300 kwa lita, ilhali maziwa ya mama yana 4 hadi 65, na figo changa au zenye ugonjwa haziitoi ipasavyo. Mtoto anayetumia dawa ya tezi ya thairoidi naye aangaliwe, kwa kuwa soya hupunguza ufyonzwaji wa dawa hiyo. Daktari lazima ajue ili apime damu na kurekebisha dozi.

Kijiko cha shangazi sasa. Mheshimu, lakini usimfuate hapa. Kila kopo lina kijiko chake na kipimo chake: mengi ni kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji, mengine ni kwa 50 au 60, na kijiko cha kopo moja hakitumiki kwa jingine. Tuseme mtoto anategemea chupa pekee na anakunywa mililita 850 kwa siku. Yakichanganywa sawa, kwa kalori 67 katika kila mililita 100, anapata kalori 570 hivi na, kwa kopo la soya, protini gramu 14 na kitu. Ondoa kijiko kimoja kati ya vitano: kalori zinashuka hadi kama 456, protini hadi 11 na kitu, na chuma, zinki na kalsiamu vinapungua kwa kiwango hichohicho. Ukuaji unazorota kimyakimya, kwa sababu tumbo limejaa na halii. Akijitahidi kunywa zaidi, maji mengi yanaweza kushusha chumvi ya damu hadi apate degedege. Kuzidisha kijiko ni kosa la upande wa pili: figo zinaelemewa, anapata kiu, choo kinakuwa kigumu, na akiharisha anaishiwa maji haraka.

Uchanganyaji huu ni wa unga wowote, pamoja na kopo unalotumia sasa. Chemsha maji, yaache yapoe kwa muda usiozidi dakika 30 ili yabaki na joto la angalau nyuzi 70. Joto hilo ni muhimu kwa sababu unga wa kopo hauna uhakika wa kuwa bila vijidudu. Bakteria aitwaye Cronobacter huweza kuishi humo, na kwa mtoto mchanga huleta homa ya uti wa mgongo. Mimina maji kwanza kwenye chupa safi iliyochemshwa, usome mstari chupa ikiwa mezani, ndipo uweke unga. Ukitanguliza unga, unachukua nafasi na maji yanakuwa pungufu. Jaza kijiko bila kushindilia, kisawazishe kwa upande wa kisu safi. Funga, tikisa, poza chupa kwa maji baridi, dondosha tone kwenye kifundo cha mkono ujue joto. Yatumike ndani ya saa 2, na yanayobaki baada ya kunyonya yamwagwe. Kwa kuwa hushindi nyumbani, mfundishe anayemlea achanganye kila mlo wakati wake. Ikibidi uandae mapema, yapoze haraka na uyaweke kwenye friji yenye nyuzi 5 au chini, kwa saa 24 tu. Kopo likifunguliwa litumike ndani ya mwezi mmoja, au mapema zaidi kama lebo inavyosema.

Kuhusu gesi ya Baraka, anzia kwenye chupa. Tundu la chuchu likiwa dogo anavuta hewa, likiwa kubwa anameza kwa pupa. Chupa iliyotikiswa sana na kupewa papo hapo imejaa povu. Iache itulie kidogo. Mlishe akiwa ameinuka, shingo ya chupa ijae maziwa, na mcheulishe katikati ya mlo na mwishoni. Baada ya kuhara, utumbo huweza kushindwa na laktosi kwa muda, kisha hupona wenyewe. Watoto wengi huendelea na maziwa yao yaleyale. Endelea kumnyonyesha. Ukirudi kutoka kazini mpe ziwa kwanza, maana ziwa linalonyonywa ndilo linalotoa. Akiharisha tena, mpe ORS, na kliniki itampa zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi sita, 20 akishaivuka.

Usingoje kama choo kina damu, anatapika au kutoka vipele mara baada ya chupa, anahema kwa shida, macho yamebonyea, mkojo umepungua sana, au uzito umesimama. Hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Kama hayapo, nenda kliniki wiki hii kwa utulivu. Beba kadi ya ukuaji na makopo yote mawili pamoja na vijiko vyake, na chupa unayotumia. Waombe wampime, waangalie mstari wa uzito tangu kabla ya kuhara, kisha wamtazame anayemlea akichanganya chupa moja mbele yao.